Mmea wa Majini Huondoka na Maji Yake

Mmea wa majini ni ule unaoota, kukua na kuzaa ukiwa ndani ya maji au kwenye udongo usiokauka. Baadhi hushika matope na kuchomoza juu, kama mafunjo, matete na kangaga. Baadhi hujikita chini lakini majani yake hulala juu ya maji, kama mayungiyungi. Mingine, kama kabichi la Nile, huelea huku mizizi ikining'inia, na mingine huzama kabisa, isijulikane ila na mvuvi anayeinua nyavu na kuzikuta zimejaa nyuzi za kijani. Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ina makundi haya yote, na juu yake ina vinamasi vya milima ya Rwenzori vyenye mimea isiyoonekana bondeni. Kutoka kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, hadi Ziwa George, lililo kwenye mita 914 hivi, ukipima kwa njia ya ndege hazifiki kilomita 60. Katika nafasi hiyo finyu maji huanzia kwenye barafu na mvua, hutua vinamasini, huporomoka juu ya mawe, hugawiwa mashambani, hupita mjini, kisha hutulia kwenye mafunjo. Kila kituo kina mimea yake, na karibu kila kituo kimeguswa na mkono wa mtu.

Mtawanyo wa mimea ya maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, humdanganya mtazamaji. Mbegu ndogo husafiri kwenye matope yaliyoganda miguuni mwa ndege, au huchukuliwa na mafuriko, hivyo aina moja inaweza kuorodheshwa kuanzia Senegali hadi Msumbiji. Anayesoma orodha hiyo huona mmea uko salama. Kumbe katika kila nchi unaishi kwenye madimbwi machache, na kati ya dimbwi na dimbwi kuna nchi kavu ambayo kwake ni sawa na bahari kwa mkazi wa kisiwa. Dimbwi likikauka, mnyama huhama, mmea hauhami. Kisha lipo kundi la pili, la mimea iliyofungwa kwenye chemchemi moja, poromoko moja au mto mmoja duniani kote, na hiyo hupotea hata kabla watu wa jirani hawajaipa jina. Tathmini ya viumbe wa maji baridi barani Afrika iliyotolewa na shirika la IUCN mwaka 2011 ilikuta asilimia 21 ya aina zilizochunguzwa zikiwa katika hatari ya kutoweka. Visababishi vilivyotajwa vinafahamika Kasese bila kusoma ripoti: kilimo kinachoshuka hadi ukingoni, maji yanayochepushwa, machimbo, na magugu ya kigeni.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kiko katika Bonde la Ufa la Magharibi, ambamo Kasese nayo imo, upande wa Rwanda. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, eneo la Bugarama, kusini-magharibi mwa nchi, yungiyungi dogo kuliko mayungiyungi yote yanayojulikana. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, ilhali jani la yungiyungi kubwa la Amerika ya Kusini hupita mita mbili. Mwaka uliofuata lilipewa jina la kitaalamu, Nymphaea thermarum. Halikuwa likiishi kwenye maji yanayochemka. Makao yake yalikuwa matope ya pembeni, pale maji yanapofurika taratibu na kupoa hadi nyuzi joto 25 hivi. Eneo lote lilikuwa dogo mno. Maji ya chemchemi yalipoelekezwa kwingine kwa matumizi ya watu, matope yale yalikauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi hilo halikuonekana tena mahali pake pa asili.

Lilisalia kwa sababu Fischer alikuwa amepeleka mimea michache kwenye bustani ya Bonn. Kutoka huko mbegu na miche ilifika bustani ya Kew, London, na hapo miche ikawa inakufa mmoja baada ya mwingine. Mayungiyungi mengine hupandwa kwenye maji ya kina, na hili lilipandwa hivyo hivyo. Mwaka 2009 mtunza bustani Carlos Magdalena alitambua kosa: mche wa Nymphaea thermarum unataka maji membamba kiasi kwamba majani yake machanga yaguse hewa, maana kabonidayoksaidi unayohitaji unaipata hewani na hauipati ya kutosha ukiwa umezama. Vyungu vilipoinuliwa hadi usawa wa maji, mimea ikastawi na kutoa maua meupe. Januari 2014 mmoja wa mimea hiyo uliibwa bustanini, dalili ya jinsi kiumbe kilichopuuzwa kwao kinavyoweza kuwa mali ya thamani ugenini. Mwaka 2023 watafiti nchini Rwanda waliliona tena yungiyungi hilo likiota porini, katika eneo lile lile la kusini-magharibi.

Uhai wa aina nzima ya mmea ulitegemea kina cha maji cha milimita chache. Hakuna aliyeukata wala kuuchoma moto. Watu walihitaji maji, nao walikuwa na haki ya kuyahitaji, wakayasogeza kidogo tu. Hifadhi ya mimea ya majini inapozungumzwa kana kwamba ni suala la kukataza watu kuvuna majani, jambo kubwa limeachwa nje: mmea wa majini huuawa mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kuugusa, mtu aliyebadilisha kina, kasi, rangi au majira ya maji.

Mfano wa kundi la kwanza, lile la mtawanyo mpana wenye mapengo, ni mmea unaoitwa Aldrovanda vesiculosa. Hauna mizizi. Huelea chini kidogo ya uso wa maji, na majani yake ni mitego midogo inayofumba kwa kasi kubwa mdudu anapoigusa. Umewahi kurekodiwa Ulaya, Asia, Australia na Afrika, na Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania zimo katika orodha ya nchi zake. Orodha hiyo ndefu haiulindi. Kati ya sehemu 379 ulikowahi kurekodiwa duniani, zilizothibitishwa kubaki nao ni kama 50, na IUCN inauhesabu kuwa mmea ulio hatarini. Unahitaji maji yaliyotulia, yenye joto, yasiyo na kina, yaliyokingwa na matete au mafunjo, na zaidi ya yote maji maskini kwa rutuba. Mbolea inaposhuka kutoka shambani, mwani hushamiri, mwanga hukatika, na mmea huu hufa bila hata jani moja kung'olewa. Katika wilaya ya pamba, mahindi na mboga kama Kasese, ambako skimu ya umwagiliaji ya Mubuku imekuwa ikitumia maji ya mito Mubuku na Sebwe tangu miaka ya 1960, mfereji unaorudisha maji kinamasini unarudisha pia kile kilichonyunyizwa shambani.

Juu ya mashamba hayo, mito ya Kasese hushuka kwa kasi juu ya miamba. Katika mito ya namna hii barani Afrika huishi ukoo wa Podostemaceae, mimea ya maporomoko. Kwa mtazamo wa kwanza huonekana kama ukoga au mwani ulionata kwenye jiwe, lakini ni mimea kamili yenye maua. Hushikilia mwamba pale maji yanapokimbia zaidi, mahali ambapo mmea mwingine ungesombwa. Msimu wa mvua huishi umezama. Kiangazi, maji yakipungua na mwamba kuchomoza, huchanua haraka, huzaa mbegu, na mbegu hunata juu ya jiwe kungoja maji yarudi. Aina kama Tristicha trifaria imeenea Afrika yote na hadi bara la Amerika, ila nyingi kati ya ndugu zake hazipatikani nje ya mto mmoja au poromoko moja. Saxicolella deniseae, iliyookotwa kwenye mto Konkouré nchini Guinea mwaka 2018, ilikuwa imekwisha kufunikwa na maji ya bwawa la umeme kabla wataalamu hawajamaliza kuieleza kwenye maandishi. Picha za setilaiti ndizo zilizoonyesha kwamba poromoko lake halipo tena.

Umeme wa maji ni jambo kubwa Kasese. Mto Mubuku una vituo vitatu, kikiwamo cha Bugoye chenye megawati 13 kilichoanza kazi mwaka 2009. Mto Nyamugasani una vyake, na Lhubiriha, ambao kwenye ramani nyingi huandikwa Lubilia, una kituo cha megawati 5.4. Vituo hivi havina mabwawa makubwa. Maji huchukuliwa juu, hupitishwa kwenye mfereji au bomba kando ya mlima, huangushwa kwenye mtambo, kisha hurudishwa mtoni. Kwa sababu hiyo husifiwa kuwa havidhuru, na ni kweli kwamba havizamishi vijiji. Lakini kati ya pale maji yanapotolewa na pale yanaporudishwa, kuna kipande cha mto kinachobakiwa na maji kidogo, na mara nyingi kipande hicho ndicho chenye maporomoko, maana anayetafuta umeme na mmea wa maporomoko wanatafuta kitu kimoja: maji yanayoanguka. Taa za hospitali na mashine za kusaga za mji wa Bwera zinahitaji umeme, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeupinga. Linalodaiwa ni kwamba kiasi cha maji kinachoachwa mtoni kipangwe kwa kufuata majira ya mto, na kwamba mawe ya kipande hicho yakaguliwe wakati wa kiangazi, maua yanapoonekana, na mtu anayejua anatafuta nini. Ukaguzi wa mazingira unaofanywa masika, maji yakiwa yamefunika kila kitu, hauwezi kuiona mimea hii hata ikiwa imejaa.

Jirani wa mashariki anatoa onyo linalofanana. Mto Mpanga, unaomwaga maji yake Ziwa George, hupita kwenye korongo ambamo huota Encephalartos whitelockii, mmea wa kale wenye majani kama ya mnazi ambao haupatikani porini mahali pengine popote duniani. Ulitambuliwa kisayansi mwaka 1995 na umo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Mmea huo wenyewe huota kwenye kingo za korongo, nje ya maji, lakini hatima yake imefungamana na mto huo na ujenzi uliofuata: kituo cha umeme cha megawati 18 kilijengwa kwenye maporomoko hayo hayo.

Juu kabisa, kuanzia mita 3,000 hivi, mlima hubadilika kuwa sifongo. Vinamasi vya Bigo na vya bonde la Bujuku vimejaa mafungu ya nyasi ndefu za jamii ya ndago, Carex runssoroensis, kila fungu likisimama kama kigoda juu ya tope jeusi. Kati yake hukua kuvumwani inayoshika maji na lobelia kubwa aina ya Lobelia bequaertii, ambayo hukusanya maji katikati ya majani yake ili kichipukizi kisigandishwe na baridi ya usiku. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994, na mwaka 2009 ikatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Wapandaji mlima walipoongezeka, viatu vyao viliyachana matope ya Bigo hadi ikabidi kujengwa madaraja ya mbao juu ya kinamasi. Hatua hiyo ndogo imesaidia sana, na inaonyesha kwamba hifadhi nyingine ni kazi ya fundi seremala.

Kila makala kuhusu Rwenzori huomboleza barafu, na si bure: mwaka 1906, msafara wa Duke wa Abruzzi kutoka Italia ulipopima mlima, barafu ilifunika kilomita za mraba 7.5 hivi, na leo imebaki sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, barafu hiyo ni makao ya mungu wao Kithasamba, hivyo hasara yake haipimwi kwa kilomita peke yake. Hata hivyo, kwa mtu wa bondeni na kwa mmea wa bondeni, uchunguzi uliofanywa kwenye mto Mubuku ulitoa jibu lisilotarajiwa: maji yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu hayafiki asilimia 2 ya maji ya mto huo yanapofika chini ya mlima. Mto unalishwa na mvua, msitu na vinamasi. Ndago ya Bigo, ambayo hakuna anayeipiga picha, inafanya kazi ambayo sifa zake hupewa theluji. Kuungua au kukauka kwa vinamasi hivyo kungeonekana Kasese mjini mapema kuliko kutoweka kwa kipande cha mwisho cha barafu.

Chini, kituo cha mwisho ni Ziwa George. Mwaka 1988 lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika orodha ya Ramsar. Ziwa lina kilomita za mraba 250 hivi na kina cha wastani cha mita 2.4 tu, mtu mrefu akiinua mkono juu karibu angeufikia uso wa maji akiwa amesimama chini. Maji yake ni ya kijani mwaka mzima kwa sababu ya mwani mdogo mno unaostawi kwa joto na rutuba, na rangi hiyo huzuia mwanga usifike chini. Ndiyo maana mimea inayozama ni haba katikati ya ziwa, na kazi ambayo kwenye maziwa mengine ingegawanywa kati ya mimea mingi, hapa imeangukia mafunjo, hasa upande wa kaskazini mito inakoingilia.

Mafunjo, Cyperus papyrus, hayamo kwenye orodha ya mimea inayotoweka duniani. Yapo kutoka Misri hadi kusini mwa Afrika, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa kitu kilichozoeleka hakiombewi. Shina lake hufika mita 4 hadi 5. Chini, vigogo vinavyotambaa hufumana na mizizi na masalia ya miaka mingi vikawa mkeka mzito unaoweza kuelea, na dhoruba ikiumega hugeuka kisiwa kinachosafiri. Mkeka huo hupunguza kasi ya maji ya mto, tope likatua, na rutuba ikanyonywa kabla haijafika ziwani. Chini yake hewa ni kidogo, hivyo samaki wakubwa walao wenzao hawapendi kuingia, na samaki wadogo hupata maficho. Kambare na kamongo, wawezao kuvuta hewa juu ya maji, hukaa humo kama nyumbani. Wavuvi wa Hamukungu, Kahendero na Kasenyi wanaotegemea ngege huvua pembezoni mwa kitalu ambacho hawakukipanda. Nzohe hujificha humo, korongo nyangumi huwinda humo, na yupo ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, Laniarius mufumbiri, ambaye karibu haishi nje ya mafunjo. Nchi ikipoteza mafunjo hupoteza pia viumbe ambavyo havina pa kwenda.

Kwa watu wa Kasese mafunjo ni mikeka, mapaa na kamba. Uvunaji wa mkono peke yake hauangamizi, ikiwa eneo lililokatwa litaachwa likomae tena kabla ya kukatwa upya. Likikatwa mara kwa mara, vigogo vya chini huishiwa akiba na shina linalorudi huwa dogo. Moto ni mbaya zaidi, maana kiangazi huingia hadi ndani ya mkeka wenyewe. Baya kuliko yote ni mfereji wa kukausha, ambao hauachi cha kurudi.

Kinamasi hiki kimebeba mzigo mwingine ambao haukutokana na mkulima wala mfuma mikeka. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliozalisha kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliacha masalia kando ya mto Nyamwamba, na karibu na mji wa Kasese ulirundika takriban tani milioni moja za madini ya salfa yenye kobalti. Kwa miongo kadhaa mvua ililiosha rundo hilo, na maji yenye asidi na metali yakachonga ukanda usio na majani hadi ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, yakielekea Ziwa George. Kiwanda cha kobalti kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 kilisafisha rundo hilo kwa kutumia bakteria, lakini masalia ya bonde la Kilembe yangali pale. Mafunjo na tope lake hukamata metali hizo na kuzizuia. Kwa maneno mengine, kinamasi kimekuwa kikifanya bure kazi ya usafi ambayo ilipaswa kulipiwa na waliouza shaba. Kukikausha kinamasi kama hicho ni kufungua ghala la sumu, kwa sababu tope likikauka na kupata hewa, kilichozuiliwa huanza kutembea tena.

Mafuriko yameongeza ugumu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo, ukarudia mwaka 2014, na Mei 2020 ukaharibu vibaya Hospitali ya Kilembe. Katika siku hizo za 2020 Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha nayo ilifurika. Mafuriko ni sehemu ya maisha ya mto wa mlimani, na mimea ya kingoni imezoea kusombwa na kuota tena. Tatizo ni kwamba kingo zilizolimwa hadi majini hazina tena mama wa kuzaa miche hiyo. Mahali palipopandwa mianzi na mabingobingo udongo umeshikika, na kazi hiyo inastahili pongezi, lakini ukingo wa mwanzi mtupu si ukingo wa mto uliokamilika: matete, kangaga na ndago nazo zina nafasi yake pale maji yanapotulia.

Mji wa Bwera, ulio mpakani, una ugumu wake wa pekee. Lhubiriha ni mpaka. Ukingo mmoja uko Uganda, wa pili uko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mto huishia Ziwa Edward, ambalo nalo limegawanywa kati ya nchi hizo mbili. Ukingo wa Mpondwe, upande wa Uganda, ukiachwa na majani na wa Kasindi, upande wa Kongo, ukalimwa, au kinyume chake, mto unabaki na jeraha. Jamaa wa pande mbili wana lugha moja, soko moja na ndoa za kuvuka daraja, kwa hiyo makubaliano ya viongozi wa vijiji juu ya ukingo yanaweza kutangulia mikataba ya serikali.

Hatari nyingine kwa maji haya ni magugu ya kigeni. Gugu maji lilivamia maziwa ya Kyoga na Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika ghuba nzima hadi wadudu aina ya Neochetina walipoachiliwa katika miaka ya 1990 wakalipunguza. Baadaye likaja gugu la Kariba, Salvinia molesta, lenye asili ya Brazili, ambalo limefika Kyoga na Ziwa Albert. Gugu linaloelea hufunga mwanga na kunyonga mimea ya asili iliyo chini. Maji ya Ziwa Edward hushuka kwa mto Semliki kwenda Albert, hivyo gugu haliwezi kupanda mto lenyewe. Litapanda kwa lori, ndani ya nyavu na mitumbwi iliyonunuliwa Albert na kushushwa Katwe au Katunguru bila kuanikwa. Kuzianika nyavu juani hadi zikauke kabisa ni kinga isiyo na gharama.

Sheria ipo, tena nzuri. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaiweka ardhioevu, mito na maziwa chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zinataka ukanda wa mita 200 kuzunguka maziwa makubwa, George na Edward yakiwamo, mita 100 kwa mito mikuu na mita 30 kwa mingine. Pamoja na hayo, ardhioevu iliyokuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 imepungua hadi ile isiyoharibiwa ikawa karibu asilimia 9. Jiwe la mpaka huwekwa, kisha msimu wa kupanda hufika na jembe hulizunguka. Na hata mita zikiheshimiwa, kanuni hizo hulinda ardhi iliyo kando ya maji kuliko maji yenyewe. Yungiyungi la Mashyuza lingeweza kuzungushiwa mita 200 pande zote na bado likafa.

Kwa hiyo ulinzi wa mimea hii lazima uanze kwa kuhesabu maji: ni kiasi gani kinabaki mtoni mwezi wa Februari na mwezi wa Julai, kina rangi gani, na kinafika kinamasini kwa njia ipi. Bustani ya mimea ya Tooro iliyoko Fort Portal na ile ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, zinaweza kutunza akiba ya mimea hai, kama Bonn ilivyotunza, na shule yenye dimbwi inaweza kufundisha watoto majina ya mimea hiyo kwa Lhukonzo kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka. Lakini akiba ya bustanini ni dawa ya mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa. Kabla bomba jingine halijachukua maji ya Nyamugasani au Lhubiriha, mhusika avue viatu kiangazi, aingie mtoni, ainame, na atazame kilichonata kwenye mawe.